Dalili ya Tatu

Tulipomzika Dokta mwezi uliopita, wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wote sasa ni wazee wa fimbo na miwani, na baada ya mazishi tuliketi uani kwa marehemu kwenye viti vya plastiki tukila wali wa msiba. Mmoja wao, mzee mnene aliyestaafu uprofesa, alikuwa akiwasimulia wajukuu wa marehemu jinsi babu yao alivyofundisha. "Nyie mnasoma kwenye simu, mnabonyeza, inawajibu, mnadhani ni mambo mapya," aliwaambia. "Sisi babu yenu alitufundisha bayolojia kwa sanduku, huko Tabora, wazazi wenu hawajazaliwa. Unaona picha ukutani, sauti inakuuliza swali, unabonyeza swichi. Ukikosea inalia kengele ya mlangoni, darasa zima linakucheka." Watoto wakacheka. Kisha akasema jambo lililofanya niweke sahani chini. "Kulikuwa na picha moja ya mkono wa mtu, mbung'o amekaa juu anafyonza, tumbo limejaa damu mpaka limekuwa jekundu. Miaka yote hii sijausahau ule mkono." Nilitaka kumwambia mkono ule ulikuwa wa nani. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeishika chupa yenye yule mbung'o ni mimi. Badala yake nilimwomba anisogezee maji, nikanywa, nikaaga mapema. Njia nzima nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani, maana yule mzee hakunikosea lolote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, msaidizi wa maabara katika kituo kidogo nje ya mji, kando ya barabara ya vumbi ambayo watu wazima wa Tabora bado waliiita njia ya Ujiji. Chuo kikuu kilileta pale wanafunzi wake wa bayolojia kwa mafungu, wiki sita kila fungu, wajifunze magonjwa mahali yanapoishi. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu vya bati na bweni. Kulikuwa na darasa, ambalo mchana lilichemka kama chungu. Kulikuwa na chumba cha mbung'o, chenye giza na unyevu na harufu ya damu ya mbuzi tuliowalishia. Na kulikuwa na stoo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu, hata mkuu wa idara, na watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, vingine kwenye kingo kabisa za mapori. Vijana wale ndio wangepelekwa huko. Dokta alilijua hilo na lilimnyima raha. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye tabia ya kuzungumza huku akifuta miwani kwa shati, na alichukia kukariri kuliko alivyochukia mbung'o. "Hawa wanaandika dalili zote kumi za malale kwenye mtihani, mwandiko mzuri kabisa," aliniambia mara moja tukila ugali na uyoga jikoni. "Halafu mgonjwa anakuja, wanamwambia aende akapumzike." Nakumbuka nilitikisa kichwa kuwasikitikia wanafunzi hao. Nilijiona mjuzi, maana mimi nilizijua dalili hizo hata ukiniamsha usingizini.

Ndipo akaja na wazo la sanduku, na wazo hilo ndilo lililomleta Yasini. Yasini alikuwa fundi redio wa mtaa wa Kanyenye, mwenye kibanda kilichojaa redio za watu zilizofunguliwa matumbo, na baba yake na babu yake walikuwa mafundi mjini humo kabla yake, wa saa na wa cherehani. Dokta alimweleza anachotaka: projekta ya slaidi, tepu rekoda, na kitu cha kuviunganisha, ili picha ije na sauti yake, swali liulizwe, kanda isimame yenyewe, na isiendelee mpaka mwanafunzi abonyeze jibu sahihi. Yasini alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema, "Kwa hiyo Dokta unataka mashine inayosubiri." Aliitengeneza kwa wiki tano. Jibu sahihi liliwasha balbu ya kijani. Makosa yaliliza kengele, aliyoinunua kwenye duka la vifaa vya nyumba. Kuhusu sauti, Dokta alijaribu mwenyewe kwanza na fungu zima la wanafunzi likasinzia. Ikawa zamu ya Yasini. Alikuwa na Kiswahili cha mji wa Tabora, kilichonyooka, kisicho na haraka, na alipouliza swali ulihisi kweli anataka kujua unafikiri nini. Baadhi ya wanafunzi walinung'unika kwamba sayansi ya chuo kikuu haifundishwi kwa Kiswahili cha fundi redio. Siku ya tatu walikuwa wakigombania nafasi ya kukaa mbele ya sanduku.

Mimi niliandika maswali. Dokta alinipa kazi hiyo kwa sababu, alisema, nilikuwa nauliza maswali kama mama mkwe. Nilikaa stoo na Yasini siku nyingi, maana stoo ndiyo ilikuwa studio yetu: tulitundika mablanketi ukutani na kuweka godoro mlangoni ili kelele za nje zisiingie, tukaiva humo ndani kama mihogo. Aliniita Bibi Mbung'o. Nilimletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akatafuna mpaka ikabidi kurekodi upya kwa sababu ya midomo kukauka. Sitasema mengi kuhusu mapenzi, umri wangu hauruhusu na mengine ni yangu mwenyewe. Nitasema tu kwamba nilianza kuandika maswali marefu kuliko yalivyohitajika.

Mwezi wa nane tulikwenda Usinge, Dokta, Yasini na mimi, kwa treni ya Kigoma. Tulipita Urambo, tumbaku ikiwa imerundikwa kwenye marobota pale stesheni, harufu yake ikatufuata ndani ya behewa. Tulihitaji picha za pori lenyewe, na Yasini alitaka kurekodi mlio wa mbung'o akiruka, jambo ambalo kila mtu alimwambia haliwezekani na akaliweza. Na tulihitaji picha ya mbung'o akila. Tulikuwa nazo za kituoni, lakini mgongo wa mbuzi ni manyoya matupu, huoni kitu. Dokta alisema angetoa mkono wake, ila ndiye mpiga picha. Mimi nilikunja mkono wa blauzi. Yasini akanirudishia chini. "Wewe ndiye unayejua kushika chupa," alisema. "Mimi nina mkono tu." Nikaifunika ile chupa ya kioo juu ya ngozi yake, mbung'o wa porini ndani yake, na alipokwisha kutia mdomo nikaitoa polepole ili Dokta apige. Yasini hakutikisika. Aliniangalia usoni wakati wote, na nilijua ananiangalia. Picha ilitoka safi.

Sharti la kituo lilikuwa hili: aliyeumwa na mbung'o wa porini anakaguliwa pale alipoumwa kila siku kwa wiki mbili, maana kama kimelea kimeingia, panavimba uvimbe mwekundu. Nilimkagua kila asubuhi kwenye benchi la nje. Alikunja mkono wa shati, nikaubonyeza ule mkono kwa kidole gumba, nikaandika kwenye daftari: safi. Siku kumi na nne, safi kumi na nne. Siku ya mwisho alisema, "Basi sasa nitakuja kwa kisingizio gani?" Lakini huko porini tuliumwa sote, mara nyingi tu, kupitia shati, shingoni, mgongoni, na hayo hatukuyahesabu. Baadaye, daktari alipomvua shati hospitalini, aliliona kovu nyuma ya bega la kulia. Yasini alikuwa amemwambia mdogo wake kuwa ni jipu, akapaka dawa, likaisha. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeshika mkono wa kushoto wa mtu yule, najisifu kwa uangalifu wangu, na ugonjwa uko nyuma yake pale pale, nusu ya urefu wa mkono kutoka usoni pangu. Miaka imepita na bado siwezi kulifikiria benchi lile bila kutaka kumvua shati.

Mwaka huo mfungo uliangukia mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi Tabora kila mtu anajua ulivyo: mvua bado, jua linawaka tangu saa mbili, mate yenyewe yanakauka kabla hujayameza. Mimi si Mwislamu, lakini sikula wala kunywa mbele yake. Nilijificha na maji yangu kwenye chumba cha mbung'o. Wiki ya kwanza Yasini alikuja amechoka, na nani asiyechoka? Alisema hapati usingizi usiku, na nani anapata, daku inaliwa saa tisa na watoto wanapiga makopo mitaani? Alilalamika kichwa, na wote waliofunga walilalamika vichwa. Mlinzi wetu, Mzee Hamisi, aliyefunga pia, alimkuta amelala ameegemea jenereta, akatuita tuone. "Fundi, daku ya jana ilikuwa ya ng'ombe mzima?" Tulicheka. Yasini aliamka akakasirika, akatupa bisibisi ikagonga ukuta karibu na mguu wangu. Hakuwahi kunipandishia sauti tangu nimfahamu. Mzee Hamisi akanivuta pembeni. "Usimchukulie, binti. Mkaa na njaa ana haki ya hasira. Subiri adhana, utamwona anacheka." Na kweli, jioni alicheka na kuniomba radhi. Yale yote niliyoyaona yalikuwa na jibu lililokaa tayari, na jibu hilo lilikuwa la watu wote wa mji.

Siku moja katikati ya mfungo alinikaribisha nyumbani kwao Kanyenye kwa futari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mama yake, Bi Zuhura, mwanamke mrefu aliyevaa kanga mbili zilizofuliwa mpaka zikawa laini. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayefuga wadudu?" Tulikaa mkekani uani. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, viazi vitamu, maharage, na asali kwenye kibakuli kwa sababu ya mgeni. Nilijaribu kula kwa adabu na kujibu kila swali. Alipoinuka kuchukua maji Yasini aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Baada ya Idd nitazungumza naye. Hana neno. Ila atataka kujua unapika nini." Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Kisha, bakuli la uji likiwa bado mkononi, alisinzia. Uji ulimwagika gotini. Shangazi zake wakacheka, mama akamtoa bakuli mkononi, nami nikacheka na wenyeji. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi. Mtu aliyefurahi vile hajui kuangalia.

Kanda ya mwisho ya somo ilikuwa ya dalili. Tuliirekodi siku chache kabla ya Idd, saa tano asubuhi, tukiwa tumejifungia stoo na yale mablanketi. Karatasi ilikuwa ya mwandiko wangu. Yasini alianza vizuri, kisha nikaona anavuta maneno, ulimi mzito, herufi zinakanyagana. Nikasimamisha. "Koo limekauka," alisema. Tukaanza tena. "Dalili ya kwanza, homa inayokuja na kuondoka, pamoja na maumivu ya kichwa. Dalili ya pili, mgonjwa hubadilika tabia, aliye mpole huwa mkali. Dalili ya tatu..." Alinyamaza. Nilidhani anageuza karatasi. "Dalili ya tatu, usingizi hugeuka. Usiku mgonjwa hukaa macho, mchana husinzia, hata akiwa anakula, hata akiwa anazungumza na..." Hapo akasimama. Kidevu chake kilishuka kifuani taratibu. Magurudumu ya kanda yalizunguka na kuzunguka, na mimi, niliyeandika maneno yale kwa mkono wangu, niliyeyapanga ili mtoto yeyote ayaelewe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti. "Fundi! Umelala kweli?" Akafungua macho kidogo. "Niache kidogo tu, Nyamizi," alisema. Nikazima mashine, nikamwacha. Dokta alipoisikiliza alasiri alisema ina makosa, tutarudia baada ya Idd, saumu imemkausha fundi wetu. Hata yeye.

Siku ya Idd hakuja kunichukua kama alivyoahidi. Nilikaa na gauni jipya mpaka saa tisa, nimekasirika, nikijiambia kwamba amezungumza na mama yake na mama amekataa. Siku iliyofuata mdogo wake alifika kituoni na baiskeli. Kaka yake alilala wakati wa sala ya Idd, hawakuweza kumwamsha sawasawa, alfajiri hii ameanguka na mwili unatetemeka. Nilimwona Dokta akifuta miwani, anafuta, anafuta, kisha akaacha na kukimbilia gari. Alirudi kutoka hospitali na damu ya Yasini kwenye vipande vya vioo, akaiweka mezani kwangu, mbele ya darubini. Niliviona vimelea mara moja. Vilikuwa vichache, vikijipinda katikati ya chembe za damu, kama tulivyowaonyesha wanafunzi mamia ya mara. Dokta alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nyamizi?" Niliinuka kwenye kiti ili aangalie mwenyewe.

Walimtibu kwa dawa iliyokuwepo, dawa kali ambayo inafaa zaidi ugonjwa ukiwa bado haujafika kichwani. Nilikwenda kila siku. Siku mbili alinitambua. Siku ya pili ya hizo aliniuliza kama sanduku linafanya kazi, nikasema linafanya, akasema nisiruhusu wanafunzi wabonyeze kwa nguvu. Siku ya tisa ya dawa alifariki, saa nne asubuhi, mama yake akiwa anamlowesha midomo. Alizikwa siku hiyo hiyo. Wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo mimi nilibaki jikoni kwao namenya vitunguu na watu nisiowajua, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ningejibu nini? Posa haikuletwa. Nilimenya vitunguu vingi sana.

Fungu jipya la wanafunzi lilikuwa linakuja baada ya wiki tatu, na Dokta aliniita ofisini. Kanda ile mbovu ilikuwa mezani. Alisema anataka kuitumia. Alitaka wanafunzi waisikie sauti ya Yasini ya mwezi wa sita, kisha ile ya mwezi wa kumi, halafu waulizwe kuna tofauti gani na ina maana gani. Nilimwambia mambo ambayo hakuna msaidizi wa maabara anayepaswa kumwambia mkuu wake. Nilimwita mchuna ngozi. Alinisubiri nimalize. "Tulikuwa wawili tunaojua ugonjwa huu kuliko mtu yeyote katika mkoa," alisema. "Tukamwona kila siku. Kama kuna somo nililowahi kulifundisha, ni hili, na sikulifundisha mimi." Kisha akalia, mtu mfupi yule mkali, kwa sauti ya ajabu kama kikohozi. Aliposhika tena miwani yake alisema hatatumia kitu bila ruhusa ya mama yake Yasini, na kwamba yeye hawezi kwenda kuiomba. Sikumsamehe kwa hilo kwa muda mrefu. Lakini nilikwenda mimi.

Niliibeba tepu rekoda kwa baiskeli mpaka Kanyenye, alasiri, ikiwa imefungwa kwa kanga. Bi Zuhura alikuwa amefiwa na mume wake mapema mwaka huo, na sasa msiba juu ya msiba. Alikaa chumbani kwenye mkeka na mlango wazi kuelekea uani. Nilimsalimu, akaitikia. Nilimweleza kilichonileta, kwa maneno mafupi, nikiangalia magoti yangu. Alisema, "Weka nisikie." Nikaweka. Sauti ya Yasini ilijaa chumbani, ikasema homa, ikasema aliye mpole huwa mkali, ikasema usingizi hugeuka. Ikasimama. Kanda ikazunguka kimya, kimya kirefu kuliko nilivyokumbuka, halafu kicheko changu, msichana mwenye furaha zake, na jina langu mdomoni mwa mwanawe. Nilizima. Nje mtu alikuwa anatwanga, kinu kikigonga sawasawa, na nilihesabu mapigo kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Ulicheka," alisema.

"Nilicheka, mama."

"Na hao wanafunzi, wakiisikiliza hii, watamjua mgonjwa wa namna hii?"

"Watamjua."

"Hata akiwa amefunga?"

"Hata akiwa amefunga. Ndiyo sababu Dokta anaitaka."

Alinyoosha mkono akaigusa mashine, juu, pale palipokuwa bado pana joto.

"Basi wapeni," alisema. "Na usijiue kwa hicho kicheko, mwanangu. Wewe ulicheka mara moja. Mimi mwezi mzima nilisimama hapo mlangoni nafukuza watoto wa jirani, nawaambia wakacheze mbali, mwanangu amefunga, mwacheni alale."